Kizibao cha Maji: Pima Pengo Kabla ya Kutoa Hela

Anayejiandaa kwa mbio ndefu kwa mara ya kwanza hununua viatu, kisha saa, kisha anaanza kuulizia kizibao cha maji: kile kinachovaliwa kama koti lisilo na mikono, chupa zikikaa kifuani na mfuko mwingine ukijificha mgongoni. Viatu havikwepeki na saa ni hiari. Kizibao ndicho kinachomkanganya, kwa sababu muuzaji humuuliza swali moja tu, "Unakimbia kilomita ngapi?", na kwa jibu hilo humtolea kikubwa au kidogo. Swali hilo si lenyewe. Kilomita za mbio nzima hazikuambii ubebe maji kiasi gani. Kinachokuambia ni muda utakaotumia kutoka sehemu moja yenye maji hadi nyingine, na muda huo hapa tutauita pengo. Pima pengo, jua unakunywa kiasi gani kwa saa, na ukubwa wa kizibao utajionyesha wenyewe. Mara nyingi utakuwa mdogo kuliko ulivyodhani, na si ajabu ukagundua kwamba hukihitaji kabisa.

Tazama mbio za Comrades za Afrika Kusini, zinazokimbiwa tangu 1921 kati ya Durban na Pietermaritzburg. Ni takribani kilomita 90, na mkimbiaji wa kawaida hukaa barabarani saa tisa, kumi, hata karibu kumi na mbili. Lakini njia nzima ina meza za maji zaidi ya 40, maji yakigawiwa katika vifuko vidogo vya kung'ata na kunyonya, kiasi kwamba hata anayejikokota kwa kawaida hafikishi dakika 20 bila kuiona meza. Sasa mfikirie mtu anayekimbia kilomita 25 peke yake juu ya vilima vya Ngong. Umbali wake haufiki theluthi ya ule wa Comrades, ila anaweza kumaliza muda wa saa tatu bila kuona bomba wala kioski. Huyu wa pili ndiye mwenye haja ya kizibao. Yule wa kwanza akikivaa, anabeba mzigo ambao waandaaji wameshambebea.

Hali ni hiyohiyo kwa marathoni za barabarani. Kanuni za World Athletics zinataka mbio za barabarani zinazozidi kilomita 10 ziwe na vituo vya vinywaji takribani kila kilomita 5. Kwa anayekwenda dakika 7 kwa kilomita, hilo ni pengo la dakika 35, na mbio nyingi huweka meza karibu zaidi ya hapo. Kwa hiyo ukiwa unakwenda Moshi kwa Kilimanjaro Marathon au Lewa kwa mbio za hifadhini, la kwanza kufanya ni kutafuta ramani ya njia na kuhesabu meza. Kama waandaaji wa mbio zako hawajatoa ramani, waulize. Wasipojibu, hilo nalo ni jibu: jiandae kana kwamba nusu ya meza hazitakuwepo.

Hapo ndipo mtu hudakia: "Mbona Kipchoge habebi maji?" Ni kweli bingwa huyo wa marathoni habebi, lakini asimwige kabla ya kutazama kinachofanyika pembeni yake. Berlin mwaka 2018, alipokimbia 2:01:39, chupa zake zilikuwa zimeandaliwa njiani na kulikuwa na mtu wa kumkabidhi mkononi. Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, alipotumia 1:59:40, vinywaji vililetwa na waendesha baiskeli. Asiyebeba maji huyo ana watu wanaombebea. Somo lake kwako ni jinsi ya kuupunguza mzigo: tafuta wa kukubebea pale inapowezekana. Mazoezi ya Jumapili ya kilomita 30 katikati ya Dar es Salaam hayahitaji lita mbili mgongoni. Yanahitaji noti mbili tatu kwenye mfuko wa zipu na njia inayopita madukani kwa Mangi. Rafiki mwenye baiskeli, au bodaboda mliyeelewana naye akusubiri kwenye makutano fulani na chupa, hufanya kazi ya kizibao cha bei kubwa.

Sababu ya kubana hivyo ni uzito. Lita 1 ya maji ni kilo 1, na hakuna kitambaa cha kisasa kinachobadilisha hesabu hiyo. Mtu wa kilo 65 akibeba lita 2 ameongeza karibu asilimia 3 ya uzito wake, na atailipia kwa pumzi na magoti kila hatua, hasa kwenye mlima na kwenye mteremko. Mzigo uliokaa kiwiliwilini una nafuu kuliko uliokaa mkononi, na hiyo ndiyo sifa halisi ya kizibao dhidi ya chupa ya kushika. Lakini nafuu ina mpaka. Tena, kitambaa kinafunika mgongo. Mombasa au Tanga, ambako unyevu wa hewa tayari unalizuia jasho lisikauke, mgongo uliofunikwa ni joto lililofungiwa ndani.

Ipo sababu ya pili, na wauzaji hawaizungumzi: aliyebeba maji mengi huyanywa, hata pasipo haja. Watafiti waliwapima damu wakimbiaji 488 waliomaliza Boston Marathon mwaka 2002, na matokeo yakachapishwa mwaka 2005 katika jarida la New England Journal of Medicine. Asilimia 13 yao walikuwa na sodiamu iliyoshuka kwenye damu, yaani milimoli 135 kwa lita au chini ya hapo, na wachache walikuwa katika kiwango cha kutishia maisha. Waliopatwa zaidi walikuwa wale walioongezeka uzito wakiwa mbioni na wale waliotumia zaidi ya saa nne. Wanaokwenda polepole wana muda wa kunywa kila wanapotaka, na ndio haohao wanaonunua vizibao vikubwa. Wengine hujitetea kwamba wao wanakunywa kinywaji cha wanamichezo, si maji matupu. Utafiti huo haukuona kwamba aina ya kinywaji iliwakinga. Tatizo lilikuwa wingi.

Basi unywe kiasi gani? Wataalamu waliokutana Carlsbad, California, mwaka 2015 kujadili tatizo hilo walishauri mkimbiaji aongozwe na kiu. Mtetezi anayejulikana zaidi wa msimamo huo ni daktari Tim Noakes wa Afrika Kusini, ambaye tangu miaka ya 1980 alikuwa akiandika juu ya wakimbiaji wa Comrades walioumwa kwa kuzidisha maji. Wengi wetu tumelelewa na kauli nyingine: ukisikia kiu umeshachelewa. Kauli hiyo ina chembe ya ukweli kwa mzee sana au mgonjwa. Kwa mtu mzima mwenye afya anayekimbia, kupungukiwa maji kidogo ni jambo la kawaida ambalo mwili unalimudu. Kinachomuumiza ni kusikia kiu na kukosa cha kunywa kwa muda wa saa nzima. Kizibao kipo kwa ajili ya hilo: kiu ikija, maji yawe karibu. Hakipo ili umwagilie tumbo kwa ratiba.

Kiu peke yake, hata hivyo, haikuambii dukani ununue cha ukubwa gani. Hapo pima jasho, na unaweza kufanya hivyo nyumbani.

Kupima jasho lako

1. Chagua siku na saa zinazofanana na za mbio zako. Jasho la alfajiri ya Iringa si jasho la saa tatu asubuhi ya Tanga.
2. Nenda haja ndogo, vua nguo, jipime kwenye mizani ya dijitali inayoonyesha angalau gramu mia. Andika.
3. Kimbia kwa saa moja kamili kwa mwendo wa mbio. Kunywa ukisikia kiu, kutoka kwenye chupa unayojua ujazo wake.
4. Ukirudi, jifute jasho vizuri, vua nguo, jipime kabla ya kunywa au kwenda haja ndogo.
5. Toa uzito wa pili kwenye ule wa kwanza, kisha jumlisha maji uliyokunywa. Hilo ndilo jasho lako kwa saa.
6. Rudia siku nyingine. Kipimo kimoja kinaweza kukudanganya.

Kwa mfano, mkimbiaji alianza na kilo 65.0, akanywa mililita 400, akarudi na kilo 64.4. Amepoteza gramu 600, jumlisha 400, jasho lake ni kama lita 1 kwa saa. Pengo lake refu kabisa mlimani ni muda wa saa mbili. Je, abebe lita 2? Hapana, hapa ndipo wengi wanapokosea. Jasho halilipwi lote ukiwa mbioni. Akinywa nusu lita kwa saa, atafika kwenye maji akiwa amepungua kilo 1, yaani asilimia 1.5 ya uzito wake, na hilo halimdhuru. Anahitaji lita 1: chupa mbili laini za nusu lita kifuani, na mgongo mtupu. Kwake kizibao cha ujazo wa lita 5 kinatosha, kikabaki na nafasi ya koti jepesi la mvua, simu na chakula. Ujazo unaoandikwa kwenye lebo, 5, 8 au 12, ni wa nafasi yote ya mizigo na si wa maji, jambo linalowakosesha wanunuzi wengi wa mtandaoni.

Kwa pengo lisilofika dakika 40, acha kizibao. Chupa ya mkononi au mkanda wa kiunoni wenye nusu lita unatosha, mradi mkanda usikubane tumbo. Kwa pengo la hadi saa mbili hivi, chukua chupa mbili laini za mbele. Mfuko wa mgongoni wa lita moja na nusu au mbili una maana pengo linapozidi hapo, kwenye jua kali, kusiko na mtu. Hata hapo una kasoro mbili za kufikiria. Kwanza, huuoni, kwa hiyo hujui umebakiza kiasi gani mpaka mrija uanze kuvuta hewa. Pili, kuujaza ni kazi: uvue kizibao, utoe mizigo, ufungue, ujaze, urudishe, wenzako wakiwa wameshapotelea mbele. Chupa ya mbele unaichomoa, unaijaza na kuirudisha huku unatembea. Chupa laini pia husinyaa kadiri unavyokunywa, hivyo maji hayapigi kelele wala kuyumba kama kwenye chupa ngumu, ambayo zaidi ya hayo hugonga mbavu.

Kuna anayesema bora izidi kuliko ipungue. Milimani ana haki, na waandaaji makini wanakubaliana naye kwa kiasi. UTMB, mbio zinazoanzia Chamonix na kuuzunguka mlima Mont Blanc kupitia Ufaransa, Italia na Uswisi, humtaka kila mshiriki awe na uwezo wa kubeba angalau lita 1 ya maji, pamoja na filimbi, blanketi la dharura, koti la mvua na taa. Mtu anaweza kuteguka kifundo, kupotea njia, au kukuta mto aliouhesabu umekauka. Lakini angalia kiwango chenyewe: lita 1, katika mbio za milima za takribani kilomita 170. Akiba ya busara ni nusu lita juu ya hesabu yako. Kupita hapo unabeba hofu.

Kukijaribu mwilini

Ukishajua ujazo, jambo la pili kwa uzito ni namna kinavyokaa, na hapa usihurumie muda wa muuzaji. Kizibao hupimwa kwa mzunguko wa kifua, si kwa saizi ya fulana. Chukua futi ya fundi cherehani, zungushia sehemu pana ya kifua ukiwa umevaa nguo za kukimbilia, na ulinganishe na jedwali la kampuni yenyewe, kwa kuwa M ya mmoja ni S ya mwingine. Kisha kijaribu kikiwa na maji. Kizibao kitupu kinamkaa kila mtu. Jaza chupa, weka simu mahali pake, funga mikanda ya kifua, halafu ruka papo hapo, kimbia hatua chache, zungusha mikono, vuta pumzi mpaka mwisho. Mikanda inatakiwa iwe katikati ya urefu wake: ukiwa umeikaza hadi mwisho, kizibao ni kikubwa, ukiwa umeiachia yote, ni kidogo. Kisidunde, kisikupande shingoni, wala mshono wowote usiguse kwapa. Mshono unaokuwasha kidogo dukani ni kidonda kwenye kilomita ya 30. Hakikisha pia unaweza kutoa chupa na kuirudisha bila kuangalia, kwa sababu mlimani macho yatakuwa chini kwenye mawe.

Wanawake wana swali la ziada ambalo vizibao vingi vilivyoitwa vya jinsia zote havikulijibu: chupa zilizojaa hukandamiza matiti, na mkanda wa kifua unaopita katikati yake huteleza. Tafuta chenye mikanda inayoweza kuhamishwa, mmoja ukae juu ya matiti na mwingine chini, na chupa zenye mirija mirefu zinazokaa chini zaidi au pembeni. Jaribu ukiwa umevaa sidiria ileile utakayokimbia nayo. Pale ambapo mbele hakukai vizuri kwa namna yoyote, mfuko mdogo wa mgongoni unastahili kuvumiliwa kasoro zake.

Wengi wetu hatuna duka la kujaribia: tunaagiza mtandaoni au tunamtuma ndugu aliye nje. Basi chagua chenye marekebisho mapana mbavuni na kifuani, agiza kwa jedwali la kampuni, na kikifika kijaribu na maji ukiwa ndani kabla ya kukata lebo. Mitumba nayo si ya kudharau. Kwenye masoko kama Gikomba au Memorial ya Moshi mtu makini anaweza kuokota kizibao kizuri. Vuta lastiki na uone kama inarudi, kagua zipu na vifungio, nusa kwapani. Ila mfuko wa maji, mrija na chupa vilivyotumiwa na mtu mwingine usivinunue. Nunua vipya, na hakikisha vinaingia kwenye mifuko yake.

Jambo moja la kisheria kwa wanaokimbia Kenya: tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi, yakiwemo misitu na fukwe. Maji ya dukani hayana nafasi humo, kwa hiyo chupa ya kudumu si anasa.

---

TAHADHARI: MAJI YALIYOZIDI

Dalili: kichefuchefu, tumbo kujaa, kichwa kuuma, pete na saa kubana kwa sababu vidole na mikono imevimba, kisha kuchanganyikiwa au degedege.

- Ukiona mizani imepanda baada ya mazoezi, umekunywa kupita kiasi. Punguza.
- Mkimbiaji aliyechanganyikiwa baada ya kunywa sana asiongezewe maji. Mkimbizeni hospitali.
- Waambieni wahudumu amekunywa kiasi gani, na muwaombe wapime sodiamu kabla ya kumtundikia dripu.
- Usimeze diklofenaki wala dawa za jamii yake kabla au wakati wa mbio ndefu. Mwili uliopungukiwa maji ukichanganya na dawa hizo, figo ndizo zinazoumia.

---

Ukishakinunua, kitumie mazoezini mara kadhaa kikiwa na mzigo uleule wa siku ya mbio. Paka mafuta ya mgando kwenye mabega, kwapani na pale mikanda inapopita. Kunywa chupa mbili kwa zamu ili upande mmoja usilemee. Kama unatumia ORS au kinywaji chenye sukari, kiweke kwenye chupa moja na nyingine iwe na maji matupu, ambayo unaweza pia kujimwagia kichwani. Mfuko wa mgongoni ukishaujaza, ugeuze juu chini na unyonye hewa yote kwa mrija, kelele za maji zitakwisha. Sukari usiiweke humo kabisa, maana ndiyo inayoleta ukungu. Ukirudi nyumbani suuza kila kitu, soda ya kupikia ikisaidia kuondoa harufu, na uutundike mfuko mdomo ukiwa chini mpaka ukauke. Mwenye friza anaweza kuuhifadhi humo. Mrija ukionyesha madoa meusi ndani, tupa, ununue mwingine.

Kwa hiyo, kama mbio zako zijazo ni marathoni ya barabarani yenye meza zinazoeleweka, acha hela mfukoni. Kama unaingia milimani au porini na pengo lako ni la saa moja hadi mbili, nunua cha lita 5 chenye chupa mbili laini, kilichokukaa kikiwa kimejaa. Hivyo vikubwa vya lita 12 waachie wanaolala njiani.